Kikoi Huficha Kilo

(Hotuba kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani majumbani, Lamu, baada ya sala ya alasiri)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, baba zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nje barazani kwa sababu ndani kumejaa, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmemwacha mgonjwa na jirani. Masikio yako huku, roho iko kule. Kwa hivyo sitazunguka.

Nimekuja kuzungumza juu ya nyongo. Kila aliyekulia hapa, akakaa na mama yake jikoni kupasua samaki, ameonywa: ukiingiza kisu, angalia usiitumbue nyongo. Tone moja likivuja, kitoweo chote kimeharibika. Ndiyo maana shughuli ikienda kombo tunasema imeingia nyongo. Tumelelewa kuiona ni kitu cha kutolewa kwa ncha za vidole na kutupiwa paka, ambaye naye haitaki.

Lakini mwili ulio hai hauwezi kukaa bila nyongo. Ini huitengeneza usiku na mchana, kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa siku. Hupita kwenye vifereji vyembamba, nyingine huwekwa akiba katika kifuko kilicho chini ya ini, na chakula kikifika utumboni hushuka kukipokea. Kazi yake kubwa ni mafuta. Chukueni sufuria iliyopikiwa biriani, imwagieni maji baridi bila sabuni, muone mafuta yanavyoganda pembeni. Utumbo usiopata nyongo ndivyo unavyokuwa. Mtu anakula, mafuta yanapita na kutoka kama yalivyoingia, na pamoja nayo zinatoka vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta, yaani A, D, E na K.

Sasa saratani inaweza kuota ndani ya vifereji hivyo au kwenye kifuko chenyewe. Mfereji mkuu wa nyongo hauzidi sana upana wa mrija wa kunywea soda, kwa hivyo uvimbe ukianzia hapo huziba mapema. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa rangi ya chai ya mkandaa, choo kinakuwa cheupe kama chokaa, na ngozi inawasha usiku kucha mpaka shuka linakuwa na madoa ya damu kwa kujikuna. Ukianzia ndani ya ini au kwenye kifuko, unaweza kukaa kimya miezi mingi, na ukija kujulikana umeshatambaa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa saratani hii hugunduliwa wakati wa kuukata na kuuondoa umeshapita.

Nitaje moja kabla sijaulizwa, maana huulizwa kila mahali: je, ni samaki? Kule kaskazini mashariki ya Thailand, ambako saratani ya vifereji vya nyongo imeenea kuliko popote duniani, chanzo kikubwa ni minyoo inayopatikana kwa samaki wa maji baridi anayeliwa mbichi. Changu wetu na tafi wetu ni wa bahari, tena tunawapika wakapikika. Hawana lawama. Na ugonjwa huu hauambukizi, kwa hivyo sahani ya mgonjwa haitengwi kwa kuogopwa. Nitairudia sahani hiyo.

Nina mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa majahazi Matondoni. Tangu nipate akili namjua na tezo mkononi. Mwaka wake wa mwisho alianza kuiweka chini kabla ya adhuhuri. Tukasema ni umri. Akaanza kuacha wali, akisema tumbo limejaa. Tukasema ni joto la kaskazi.

Mtu wa suruali akikonda, mshipi humsema: leo tundu la pili, kesho la tatu, mwisho anatafuta msumari wa moto atoboe jipya. Kikoi hakina tundu. Ukikonda unakizungusha zaidi, unakunja ukingo, unachomeka, basi. Juu yake ukivaa kanzu, kila mtu anakuona ni yule yule. Na kwa mama zetu walio ndani ya dera na buibui, kilo kumi zinaondoka na wa nyumbani asijue.

Nilikuwa nikimwamkia kila Ijumaa, nambusu mkono. Ijumaa moja nilihisi pete yake ya akiki inazunguka kidoleni. Nikaitazama. Alikuwa ameizungushia uzi wa kushonea kwa upande wa ndani, uzi mweupe, ili isidondoke. Niliuona ule uzi. Niliuona nikanyamaza.

Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni lishe. Mizani ninayo. Wiki nzima napima watoto wa watu na wazee wa watu, naandika kwenye kadi, nawagombeza kina mama. Mjomba wangu sikumpima.

Alipopata manjano ndipo tukamchukua. Kadi yake ya presha ilikuwa na uzito wa mwaka uliotangulia, kilo 71. Siku ile mizani ilisimama kwenye 56. Kilo 15 zilikuwa zimeondoka, zaidi ya sehemu moja katika tano za mwili wa mtu mzima, na sisi tunakula naye sinia moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuficha kwa kusudi. Kikoi kilimfichia, na sisi tukamsaidia kikoi.

Sasa shikeni hesabu hii, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani leo. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana jinsi ya kutambua kukonda kunakosababishwa na saratani: mtu akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, ameshaingia. Na kama tangu mwanzo alikuwa mwembamba au misuli yake imeshapungua, zaidi ya asilimia 2 inatosha. Kwa mjomba, asilimia 5 ilikuwa kilo 3 na nusu. Yaani kengele ilikuwa imelia kilo kumi na moja na nusu kabla hatujaisikia.

Na kukonda huku si kama kukonda kwa mtu mwenye njaa. Mwenye njaa mwili wake hubana matumizi. Hupunguza moto, huchoma mafuta kwanza, hulinda misuli kadiri uwezavyo, na ukimlisha hurudi. Saratani huwasha moto wa ndani usiozimika, na moto huo hula misuli hata siku ambazo mgonjwa amekula. Tena humwondolea hamu. Kwa hivyo mama anayesema "nimempikia kila kitu na bado anakonda" hajakosea mapishi. Naomba hilo tulielewe vizuri, kwa sababu nimeona wake za watu wanalaumiwa na mawifi mbele ya mgonjwa.

Kwa nini kilo zinahusika na muda atakaoishi mgonjwa? Nitawaeleza kupitia dawa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 410 wenye saratani ya njia za nyongo isiyoweza tena kukatwa. Waliopewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, ya jemsitabini peke yake, nusu yao waliishi miezi 8.1 au zaidi. Waliochanganyiwa jemsitabini na sisplatini, nusu yao waliishi miezi 11.7 au zaidi. Mchanganyiko huo ukawa msingi wa matibabu ulimwenguni. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine ulioongeza durvalumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili: nusu ya walioongezewa waliishi miezi 12.8 au zaidi, dhidi ya 11.5 kwa wasioongezewa.

Kuhusu ile nyongeza ya kwanza, ya 8.1 mpaka 11.7, kijana mmoja aliniambia, "Dada, hiyo ni miezi mitatu tu." Sikumkasirikia, lakini miezi mitatu na nusu inatosha mzee kushuhudia nikahi ya bintiye. Inatosha kulipa deni, kugawa shamba kwa mdomo wake mwenyewe, kufunga na kufungua na wanawe kwa mara ya mwisho. Mimi siidharau.

Lakini dawa hizo hazipewi kila mtu. Walioingia kwenye tafiti hizo walikuwa watu ambao bado wana nguvu. Na daktari naye, kabla hajaandika kemo, anamtazama mgonjwa: anajihudumia? Anatembea? Au zaidi ya nusu ya mchana amelala? Sisplatini husumbua figo na hutapisha. Jemsitabini hupunguza chembe za damu. Dozi hupigwa kwa hesabu ya urefu na uzito, na mtu aliyebaki ngozi na mifupa huumizwa zaidi na dozi ile ile ambayo mwenzake anaivumilia. Mjomba aliwekewa mrija wa kuzibua mfereji, manjano yakaanza kushuka, na daktari akatwambia kwa upole: mrudishieni nguvu, kisha tuzungumze kemo. Nguvu hazikurudi. Aliishi miezi minne. Kemo hakuionja.

Kuna vipimo vya kujua mapema nani yuko katika hali hiyo. Huko Japan, tangu mwaka 1984, daktari Onodera alitengeneza hesabu nyepesi ya kujumlisha albumini, ambayo ni protini ya damu inayotengenezwa na ini, na idadi ya chembe fulani za kinga. Glasgow, Uskoti, wana kipimo chao kinachotazama albumini pamoja na alama ya ule moto wa ndani. Wengine hutumia picha ya CT ambayo mgonjwa ameshapigwa, wakapima upana wa misuli kwenye usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Tafiti za wagonjwa wa saratani ya nyongo iliyoenea, nyingi kutoka Asia ya mashariki, zimerudia neno moja: anayeanza matibabu na alama mbaya kwenye vipimo hivi, kwa kawaida huishi muda mfupi kuliko mwenzake.

Hapa nataka kuwa mkweli kwenu. Nyingi ya tafiti hizo zilipekua majalada ya wagonjwa waliokwisha kutibiwa. Zinaonyesha kwamba kukonda na kifo cha mapema huandamana. Hazithibitishi kwamba ukimrudishia mgonjwa kilo tano utamrudishia na miezi kadhaa, kwa sababu saratani kali ndiyo humkondesha mtu haraka, na ndiyo hiyo hiyo humuua haraka. Hata albumini ikishuka, si kwamba mgonjwa amenyimwa mayai. Ule moto wa ndani na ini lililochoka huishusha pia. Atakayewauzia kopo la unga akasema litaongeza maisha ya mgonjwa wenu kwa miezi sita, mwambieni awaonyeshe utafiti.

Sasa nawaomba mlishe kwa sababu ninazozijua. Mwenye misuli anakwenda msalani kwa miguu yake. Anakaa kitako akaswali. Kidonda chake kinafunga, homa ikija anapambana nayo, na siku daktari akiuliza "tuanze?" anaweza kusema ndiyo. Kwangu hizo zinatosha.

Kabla ya chakula chenyewe, kuna njaa ambayo saratani haihusiki nayo. Mgonjwa anaambiwa asile kuanzia usiku wa manane, asubuhi ana kipimo. Nilikaa na mjomba kwenye benchi la hospitali moja, jina nitaliacha. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa nane tukaambiwa leo haiwezekani, rudini kesho, asile. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo akaingizwa ndani. Siku tatu, mtu aliyekwisha kupoteza kilo 15 anaishi kwa chai na kipande cha mkate usiku. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja aliona siku yake moja tu, hakuna aliyezijumlisha.

Zijumlisheni nyinyi. Ulizeni mapema: zamu yake itafika lini, na anaweza kunywa maji mpaka lini? Kwa kawaida madaktari wa usingizi hutaka muda wa saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Si usiku kucha na mchana kutwa. Mgonjwa wako anaweza kuwa na sababu yake tofauti, kwa hivyo fuata unaloambiwa, lakini uliza. Kikiahirishwa, ale pale pale. Na safari ya Mombasa mnaijua, boti mpaka Mokowe, kisha basi kutwa nzima. Wengi humsafirisha mgonjwa na tumbo tupu ili asitapike njiani. Mwombeni daktari dawa ya kichefuchefu ya safari, halafu mfuko wenu uwe na mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, tende, na uji kwenye themosi.

Sasa sinia. Kula pamoja ni uzuri wetu na sitaki mtu auache. Lakini sinia inaficha kama kikoi. Mgonjwa anakaa, anamega tonge dogo, analigeuza, anasogeza nyama kwa mjukuu, anaramba vidole, anasema alhamdulillahi. Watu saba wameinuka, sinia iko tupu, na hakuna anayejua kwamba yeye amekula matonge matatu. Msimtenge. Fanyeni hivi: apewe chake kwanza, kwenye bakuli lake, nusu saa kabla, wakati jikoni hakuna kelele. Kisha aje akae na wenzake kwa ajili ya mazungumzo, akimega ni ziada.

Na chake kiwe kidogo. Mtu mwenye uvimbe karibu na ini, tumbo hujaa kwa vijiko vinne. Ukimletea sahani iliyofurika unamtia huzuni kabla hajaigusa. Mkaza mjomba wangu alikuja kugundua mwenyewe, bila mimi mtaalamu kumwambia, kwamba mzee anakunywa uji kwenye kikombe cha kahawa. Kile kidogo kisicho na mkono. Kwenye bilauri alikuwa anakataa. Kwenye kikombe cha kahawa alikuwa anamaliza, kwa sababu kunywa kikombe cha kahawa ni jambo alilolifanya maisha yake yote barazani bila kufikiri. Kila baada ya saa mbili, kikombe. Siku nzuri vilifika vinane.

Kiasi gani? Muungano wa wataalamu wa lishe wa Ulaya unashauri mgonjwa wa saratani apate kilokalori 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1 na nusu. Mtu wa kilo 50 basi anahitaji protini gramu 50 mpaka 75. Yai moja lina kama gramu 6. Bilauri ya maziwa kama gramu 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kinakaribia 20, na kikombe cha pojo zilizopikwa 14. Mayai mawili, bilauri mbili za maziwa au mtindi, kipande cha samaki, kikombe cha pojo: gramu 62. Hakuna kilichotoka ng'ambo hapo. Najua mayai na maziwa ni pesa, na najua nyumba ambazo pesa imeishia kwenye nauli. Pojo na kunde ni nafuu. Dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye uji ni nafuu zaidi, na mgonjwa hahisi.

Bokoboko, mama zangu. Ngano na nyama zilizopigwa mwiko mpaka zikavutika. Sioni chakula chetu kingine kinachomfaa zaidi mtu aliyechoka hata kutafuna, nacho tumekiachia harusi na Idi. Pikeni sufuria ndogo. Na uji wa wimbi, tieni maziwa, tieni korosho za kusagwa au ufuta, kila kijiko kibebe kitu.

Tui linaulizwa sana. Mfereji ukiwa umeziba, tui zito na vya kukaanga humletea mgonjwa kichefuchefu na choo cha mafuta. Mpikieni kwa tui jepesi. Mrija ukishawekwa na nyongo ikashuka, mrudishieni mafuta kidogo kidogo, maana mafuta ndiyo chakula chenye nguvu nyingi ndani ya tonge dogo. Nazi ina sehemu ya mafuta mepesi yanayofyonzwa bila kuitegemea sana nyongo, lakini sehemu hiyo ni ndogo, kwa hivyo asiwaambie mtu kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya nyongo. Choo kikiendelea kuelea na kung'aa mafuta, mwambieni daktari. Kuna vidonge vya vimeng'enya vya kongosho vinavyosaidia kusaga. Fizi zikitoka damu, au michubuko ikitokea bila kugongwa, huenda ni upungufu wa vitamini K, na ipo sindano yake. Na hili naomba lisisubiri asubuhi: mwenye mrija akipata homa na kutetemeka, manjano yakarudi, huo mrija umeziba au umeingia uchafu. Usiku huo huo, boti, hospitali. Si panadol, si kesho.

Nimesikia mengi kuhusu kumnyima mgonjwa sukari ili saratani ife njaa. Ninawasihi, acheni. Kila chembe ya mwili hutumia sukari, na mwili ukikosa hutengeneza wenyewe kwa kuvunja misuli. Anayekufa njaa kwanza ni mgonjwa. Mwenye kisukari ana mpango wake na daktari wake. Asiye nacho, mwacheni na tende zake na kaimati yake moja. Hali kadhalika siku saba za maji ya ndimu peke yake. Na majani ya mstafeli: tunda la stafeli ni chakula kizuri, leni, lakini chai ya majani yake haijathibitishwa kuponya saratani ya binadamu, na katika kisiwa cha Guadeloupe watafiti wameihusisha na maradhi ya ubongo yanayofanana na Parkinson kwa watu walioitumia sana. Siwadharau waganga wetu. Bibi yangu aliniponya mengi kwa majani. Nasema tu nilichokiona: mgonjwa analetwa na manjano ya miezi miwili, na miezi hiyo miwili ilikwenda kwenye chungu cha majani.

Ramadhani ikifika, wazee wetu hawa hawakubali kula mchana. Mjomba alilia, mtu mzima, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni. Mimi si mwanachuoni na masheikh wako hapa mbele yangu. Lakini sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imemtaja mgonjwa kwa jina la hali yake, na asiyetarajiwa kupona ana fidia ya kulisha maskini. Sheikh, ninakuomba wewe ndiye ukawaambie, nyumba kwa nyumba ikibidi. Maneno yangu hawatayachukua. Yako watayachukua.

Dawa ya hamu ipo moja ya kumuuliza daktari. India, watafiti walichukua wagonjwa 124 wenye saratani za tumbo, za ini na nyongo na kongosho, na za mapafu, wote wakianza kemo. Nusu wakapewa olanzapini, kidonge kidogo cha miligramu 2.5 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: katika kila wagonjwa 100 wa olanzapini, 60 waliongeza zaidi ya asilimia 5 ya uzito, upande wa pili walikuwa 9. Ni dawa ya zamani, inajulikana kwa maradhi ya akili, kwa hivyo msishtuke mkisoma karatasi yake. Haifai kila mtu, inaleta usingizi. Ulizeni.

Na atembee. Hata kama ni kutoka kitandani mpaka daka, mara tatu kwa siku, ameshikwa mkono. Misuli isiyotumika haijengwi na yai.

Nimebakiza jambo gumu. Inafika siku chakula hakina tena kazi. Wiki ya mwisho mkaza mjomba alikuwa anashika kijiko cha uji, anamshika kidevu, anasema "kwa ajili yangu, baba, kimoja tu", na mjomba anafunga midomo, machozi yanamtoka pembeni. Aliogopa watu watasema amemuua njaa. Nilimkalisha chini nikamwambia: mwili wake unafunga milango, na wa tumbo umeshafungwa. Uji huu sasa unamwingia kifuani. Akaniuliza, "Basi mimi nifanye nini na mikono yangu?" Ndugu zangu, hilo ndilo swali. Tukampa kitambaa safi na maji ya dafu. Akawa anachovya, anamlowesha midomo, anampaka samli kidogo isipasuke. Siku moja mjomba akasema kwa sauti ndogo anataka mchuzi wa papa. Ukapikwa. Akaonjeshwa kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema chumvi imepungua. Mkaza mjomba hujisifu mpaka leo kwamba alikwenda akaongeza.

Nimeleta mizani, ile pale mlangoni, na daftari. Kila mmoja wenu atapimwa, mzima na mgonjwa, na ataondoka na karatasi yenye tarehe na kilo zake aiweke ndani ya msahafu au kwenye droo isipotee. Wenye wagonjwa wasioweza kuja, niachieni majina ya mitaa, kesho asubuhi nitapita Mkomani na keshokutwa Langoni. Tuanze kabla ya adhana. Mzee wangu uliyekaa karibu na dirisha, mwenye bakora, tafadhali njoo uwe wa kwanza. Vua makubadhi, na bakora nipe mimi nikushikie.